Hiari ya Nani

Kazi yangu ni kupanga visu.
Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho,
kalenda ya ukutani, vyumba vinne vya upasuaji,
na mimi, Graciete, mwenye penseli,
mwaka wa kumi na tisa nikiwagawia watu wa Vila do Conde tarehe
kama mtu anayegawa mkate.

Ijumaa moja ya Machi ikaja karatasi ya mistari sita:
kuanzia Jumatatu, dharura tu.
Mashine za kupumulia zihamishwe,
wataalamu wa nusukaputi washuke wodi ya homa,
na pasuaji zote za hiari zisubiri.

Hiari.
Nililitazama neno lile mpaka chai ikapoa.
Nyonga iliyosagika, mfupa ukisaga mfupa kila ngazi,
ni hiari ya nani?
Wahenga walisema hiari yashinda utumwa.
Hawakuachiwa simu yangu
na majina mia mbili arobaini na moja.

Nikaanza kupiga.

Mzee Hermínio, fundi wa akodioni, nyonga ya kushoto, Jumanne saa mbili.
Alicheka kabla sijamaliza.
"Lurdes amekwisha kuninunulia pijama," akasema, "ya mistari ya kijani."
"Basi itunze," nikamjibu, "isipauke."
Maneno ya kijinga. Ndiyo yaliyokuwa karibu.

Tomé, miaka sita, mafindofindo:
mama yake anaongea, na nyuma yake, saa sita mchana,
namsikia mtoto akikoroma
kama kabati kuukuu linaloburutwa.

Albertina, mawe ya nyongo.
Aliniapia atakula samaki wa kuchemsha tu,
utadhani mimi ndiye mwenye nyongo.
Siku ya kumi na tatu ambulensi ikamleta usiku wa manane,
wa manjano mpaka kwenye weupe wa macho,
wakampasua palepale.
Asubuhi nikafuta jina lake.
Ndivyo foleni yangu ilivyosogea mwaka ule:
mtu akioza kidogo, anapanda daraja.

Na Deolinda, msuka lesi, mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Nilimwahirisha hadi Mei. Nikamwahirisha hadi Julai.
Mara ya tatu sikutaja mwezi.
"Huyu mtoto haelewi kuahirishwa," akasema,
"anakula, anakua.
Lakini usihangaike. Vidole vinakumbuka."

Mwisho wa Aprili nilimpigia Hermínio
nimpe tarehe nyingine ya kubahatisha.
Akapokea Lurdes.
"Yuko kwenu," akasema. "Tangu Jumapili. Chumba namba nne."
Nikageukia kalenda.
Namba nne ndicho chumba nilichompangia.
Amelala kifudifudi, bomba kooni,
na hakuna anayeuliza habari ya nyonga.
"Pijama wamenirudishia," Lurdes akasema, "kwenye mfuko."

Alipozikwa, kompyuta ilitaka sababu ya kumwondoa:
Amekataa. Amehama. Hakupatikana.
Nilikaa kitambo nikitafuta kisanduku.
Kisha nikabonyeza Hakupatikana,
nikaenda kunawa mikono, ingawa nilikuwa nimekwisha kunawa.

Septemba vyumba viwili vikarudi.
Nikampigia Deolinda wa kwanza kabisa, sauti yangu ina mbwembwe.
"Hapana, mwanangu," akasema.
"Zamu hii naahirisha mimi.
Hospitali yenu bado naiogopa.
Niweke Novemba. Au usiniweke."
Nikaandika pembeni mwa jina: kwa hiari yake.
Mwaka mzima, hapo tu ndipo neno lile lilipokaa sawa.

Wiki iliyofuata ikaja bahasha isiyo na barua.
Ndani, lesi ndogo, pana kama kiganja,
imesukwa na mtu anayeona ukungu.
Maua yamepangika, kingo zimenyooka,
ila karibu na kona kuna tundu moja
lisilofanana na matundu mengine.
Sijui alilikosea au alilitaka.
Novemba nikimpigia, nitamuuliza.